Mlango na Mpaka: Uhakiki wa Sheria ya Kuingia kwa Jinai

Neno "mali" hubeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna mali ambayo mtu huitumia ili aishi: nyumba yake, kitanda, sufuria, ua wa makuti unaomstiri yeye na watoto wake. Na kuna mali ambayo mtu huitumia ili wengine wamfanyie kazi, au wamlipe, au wakae mbali: shamba kubwa lenye hati, ufuko uliozungushiwa seng'enge, pori linalongojea kupanda bei. Nadharia ya ujamaa imezitenganisha aina hizi mbili tangu zamani. Mjamaa hajawahi kuwa na ugomvi na sufuria ya mtu. Ugomvi wake ni na ile mali inayomtawala binadamu mwingine. Lakini sheria ya jinai inayolinda mipaka ya watu haikuandikwa na wajamaa, na ndani yake aina hizi mbili zimewekwa chungu kimoja.

Hoja ya makala hii ni kwamba kuchanganya mlango na mpaka kumetutia katika makosa mawili. Yanaonekana kupingana, kumbe chanzo chake ni kimoja. Kosa la kwanza tulilirithi: kuupa mpaka wa shamba kubwa heshima inayostahili mlango wa nyumba. Kosa la pili ni letu wenyewe: katika kuuondoa mpaka wa kabaila, mara nyingine tuliuvunja na mlango wa mnyonge. Hatuwezi kulisahihisha la kwanza bila ya kulikiri la pili.

Tutachukua mfano wa Moa, kata ya pwani katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa Mkoa wa Tanga, si mbali na mpaka wa Kenya. Moa si mahali pa ajabu. Tunaichagua kwa sababu katika pwani ile ya Wadigo na Wasegeju vitu vitatu vinavyotuhusu vimekaa jirani: nyumba ya kienyeji yenye baraza mbele na ua nyuma; ardhi ya mashamba ya mkonge yaliyopimwa na wageni; na bahari, pamoja na mikoko yake, ambayo hakuna mvuvi aliyewahi kuipimia kiwanja.

Sheria inasema nini

Kosa lenyewe limo katika kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, kanuni iliyotungwa na Waingereza na ambayo bado inatumika. Kwa maneno mepesi, ana hatia mtu anayeingia isivyo halali katika mali iliyo mikononi mwa mwingine, akiwa na nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliye na mali hiyo. Na pia yule aliyeingia kwa halali kisha akabaki humo kwa nia ya namna hiyo. Adhabu ni kifungo cha miezi mitatu. Mali ikiwa ni nyumba, hema au chombo wanamokaa watu, au jengo la ibada, au ghala, adhabu hupanda hadi mwaka mmoja.

Msomaji makini ataona mambo mawili. Kwanza, kifungu hiki hakiulizi nani mwenye mali, bali nani anayo mikononi. Kwa hiyo kingeweza kumlinda mkulima asiye na hati sawasawa na mwenye hati. Pili, kifungu chenyewe kinajua kwamba nyumba si sawa na shamba. Ndiyo maana aliyeingia nyumbani kwa watu anaweza kufungwa mara nne ya aliyeingia shambani. Hivyo ndani ya sheria hii ya mkoloni mna mbegu ya tofauti tunayoitetea.

Mbegu hiyo imefunikwa na neno moja, nalo ni "kuudhi". Tuseme mama wa Moa anakatiza katika shamba la mkonge lililotelekezwa, akitafuta kuni. Hakuiba mkonge, kwa kuwa hakuna mkonge, pameota kichaka. Hakumtukana mtu, kwa kuwa hakuna mtu. Lakini msimamizi akimwona anaweza kusema ameudhika, na neno hilo likatosha kumfikisha kituoni. Mahakama pengine itamwachia. Hata hivyo atakuwa amekwisha kupoteza siku, nauli, dhamana na heshima. Kwa mnyonge, kukamatwa kwenyewe ni adhabu. Hukumu huja baadaye kama habari tu.

Mahakama zetu zimeliona jambo hili. Katika hukumu zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilielezwa wazi kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo ardhi yenyewe inagombewa na umiliki wake haujaamuliwa katika shauri la madai. Huo ni msimamo mzuri. Upungufu wake ni kwamba unafanya kazi mahakamani, na mnyonge huumia kabla ya kufika huko. Mwenye nguvu haendi kudai haki ya ardhi yake, kwa sababu shauri la madai ni refu, lina gharama, na linaweza kumuumbua. Huenda kushitaki jinai, kwa sababu jinai huanza na pingu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wamebanwa zaidi. Kenya ina sheria mahsusi juu ya jambo hili, Sura ya 294 ya sheria zake, iliyotoka katika siku za mwisho za ukoloni. Humo haihitajiki kuthibitisha nia mbaya. Kuingia, kubaki, kulima au kulisha mifugo katika ardhi ya mtu binafsi bila ya ruhusa na bila ya sababu ya maana kunatosha kuwa kosa. Tena ukanda wa pwani ya Kenya ulikwisha kugawanywa kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908: waliojua kuandikisha madai walipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Wengi wa wakazi hawakuandikisha. Wajukuu wao wakaitwa maskwota katika ardhi ambamo mababu zao wamezikwa. Mdigo wa Vanga na Mdigo wa Moa ni ndugu wa lugha moja na dini moja, lakini mstari wa mkoloni umempa mmoja wao jina la mvamizi na mwingine jina la mwanakijiji. Hapa ndipo inapoonekana kwamba uvamizi si tabia ya mtu. Ni jina anayopewa na sheria.

Mizizi ya mpaka

Tarehe 26 Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri iliyotangaza ardhi ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuwa haina mwenyewe, na kwa hiyo ni ya dola yake, isipokuwa pale ambapo mtu angethibitisha haki yake. Ushahidi waliouheshimu Wajerumani ulikuwa karatasi. Ushahidi waliokuwa nao Wadigo ulikuwa minazi, makaburi na kumbukumbu za wazee. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya katani, na ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa huko Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 pwani nzima ya Tanga ilibadilika sura. Mashamba yalienea kutoka Pangani hadi mpakani, na Jasini, jirani na Moa, palikuwa na shamba la mkonge ambamo Wajerumani na Waingereza walipigana Januari 1915. Mabeberu wawili walimwaga damu katika ardhi ambayo wala si mmoja wao aliyeilima.

Mwingereza alipochukua nchi alitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ardhi yote ikawa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, ila ile iliyokuwa tayari na hati za umilikaji wa kudumu. Mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui, nayo yakabaki na mipaka yake ile ile. Mwenye shamba alibadilika, mpaka haukubadilika.

Ndani ya mipaka hiyo ndimo yalimotokea maonevu ambayo wachambuzi wa sheria huyasahau. Kambi za manamba zilijengwa ndani ya shamba. Mfanyakazi aliyetoka Kigoma, Njombe au Ruanda-Urundi alipewa chumba kilichokuwa mali ya mwajiri, juu ya ardhi ya mwajiri, kando ya barabara ya mwajiri. Akitembelewa na ndugu yake, ndugu huyo alikuwa ameingia katika mali ya kampuni. Mfanyakazi alikuwa na mlango, lakini hodi ilipigwa kwa meneja. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilipoanza kujijenga katika mkonge, suala la nani aruhusiwe kuingia kambini lilikuwa suala la siasa. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958, uliodumu zaidi ya miezi miwili, ulitokea katika mazingira hayo. Haki ya kumzuia mgeni asiingie shambani ilikuwa ndiyo haki ya kumzuia mfanyakazi asisikie hotuba.

Kwa hiyo katika shamba la mkonge miliki haikulinda faragha. Iliimeza. Mwenye mali nyingi alikuwa na faragha ya maelfu ya ekari. Asiye na mali hakuwa na faragha hata ya chumba anacholala. Hii ndiyo kanuni ya kila jamii inayofanya faragha iwe tawi la miliki: usiri unanunuliwa, na maskini huishi mbele ya macho ya watu.

Mila ya hodi

Kabla ya hati na kabla ya seng'enge, pwani ilikuwa na sheria yake ya kuingia, na neno lake kuu ni hodi. Mgeni hupiga hodi; asipoitikiwa hurudia, na akipiga mara ya tatu bila ya jibu huondoka bila ya kinyongo. Dini ya Kiislamu iliutia nguvu utaratibu huo kwa kumkataza muumini kuingia nyumba isiyo yake kabla ya kuomba idhini na kuwatolea salamu wenyeji. Nyumba yenyewe imejengwa kufuata fikra hiyo. Baraza ni ya wapita njia. Hata asiyefahamika anaweza kuketi, akapumzika, akapewa maji. Ukumbi ni wa aliyekaribishwa. Chumba ni cha wenyewe. Uani hapaingiwi ovyo. Ulinzi huongezeka kadiri mtu anavyoukaribia mwili na siri za mwenzake, na hupungua kadiri anavyotoka nje.

Shambani utaratibu ulikuwa mwingine kabisa. Mnazi ni wa aliyeupanda, na unaweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani mbali na udongo unaosimama juu yake. Kilicholindwa ni jasho. Njia ya kwenda kisimani, pwani au makaburini ilipita katikati ya mashamba ya watu, wala aliyepita hakuhesabiwa kuwa ameingia. Aliyeangua nazi ya mwenziwe alikuwa mwizi, naye alishitakiwa kwa wizi, si kwa kupita. Mila hiyo, bila ya chuo cha sheria, ilikwisha kutenganisha mlango na mpaka.

Tusiipambe mila hiyo kupita kiasi. Pwani ile ile ilikuwa na mabwana na watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Mtumwa hakupigiwa hodi na mtu. Tena ua uliomstiri mwanamke dhidi ya macho ya nje uliweza pia kumfungia ndani na mkono wa mume. Faragha ya nyumba si lazima iwe faragha ya kila aliyemo. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata, na kuna siri ambazo kata haipaswi kuzihifadhi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilifanya vema kusema kinaganaga kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe wala mke kumpiga mumewe. Mlango tunaoutetea hapa ni ngao ya binadamu. Hauwezi kuwa pazia la kumficha anayemtesa binadamu.

Mali ya Taifa na ukimya wake

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kueneza umilikaji wa kudumu wa ardhi kwa Waafrika, Mwalimu Nyerere aliipinga katika andiko lake, Mali ya Taifa. Hoja yake ni rahisi na mpaka leo haijajibiwa. Ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, wala hakuna aliyeitengeneza. Anachoweza mtu kusema ni chake ni juhudi aliyoitia: kufyeka, kulima, kujenga. Akiacha kuitumia, madai yake yanakwisha. Wakipewa wote uhuru wa kuuza ardhi, alionya, wachache watainunua na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Fikra hiyo ilizaa sheria: mwaka 1963 hati za umilikaji wa kudumu zikageuzwa kuwa za upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukaa. Baada ya Azimio la Arusha, Oktoba 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma.

Kama wahakiki hatuna budi kusema pia kile ambacho andiko hilo halikukisema. Linajibu vizuri swali la ardhi ni ya nani. Halijibu swali la mlango ni wa nani. Juhudi ya mtu shambani imetajwa. Utulivu wa mtu chumbani haukutajwa. Huenda mwaka 1958 haikuhitajika, kwa sababu adui alikuwa mmoja na alijulikana. Lakini pengo dogo katika nadharia huwa shimo kubwa katika utekelezaji.

Shimo hilo lilionekana katika Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba wote wawe wamehamia kufikia mwisho wa 1976. Lengo lilikuwa shule, zahanati na maji karibu na watu, na mengi ya hayo yalifika. Lakini baadhi ya watekelezaji waliamini kwamba kwa kuwa ardhi si ya mtu, basi na nyumba si ya mtu. Mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zikabomolewa au kutiwa moto ili wenyewe wasirudi. Hapo kanuni ya kupinga ukabaila ilitumiwa juu ya mtu asiyekuwa na chochote ila kibanda. Ndivyo ilivyokuwa pia katika misako ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, na katika misako ya mgambo ya kutafuta wadaiwa wa kodi ya maendeleo, kodi iliyofutwa mwaka 2003. Ofisa aliyeingia ndani alfajiri bila ya hodi alifanya lile lile alilolifanya meneja wa mkonge: aliona kwamba mtu asiye na hati hana mlango.

Kukiri haya hakuuaibishi ujamaa. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika Tujisahihishe akisisitiza kwamba chama kisichokubali makosa yake hakiwezi kujifunza. Nchi ilianza kujisahihisha. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliingiza haki za binadamu, na ibara ya 16 ikatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara ya 24 ikatambua haki ya kumiliki mali. Ni jambo la kuzingatia kwamba hizi ni ibara mbili, si moja. Katiba imefanya kile ambacho kifungu cha 299 hakikufanya kikamilifu: imeweka mlango mahali pake na mali mahali pake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua shauri la wakulima wawili, baba na mwana, kutoka kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kuondolewa bila ya fidia ya haki. Wapo wanaoisoma hukumu hiyo kama ushindi wa ubepari. Sisi tunaisoma kama ushindi wa jasho, na kwa maana hiyo iko karibu na Mali ya Taifa kuliko wanavyodhani.

Hali ya Mkinga leo

Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge tani kama 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inazalisha kama tani 20,000 tu. Kamba za plastiki, bei ya dunia na uendeshaji mbaya wetu wenyewe viliua kazi, lakini mipaka haikufa. Mashamba yakaota vichaka. Mengine yakauzwa kwa watu binafsi. Katika Wilaya ya Mkinga, kama katika Muheza na Korogwe, vijiji vilivyoongezeka watu vimejikuta vimebanwa baina ya bahari, hifadhi na shamba lisilolimwa. Watu wakaanza kulima mihogo na mahindi katika ardhi ile. Hapo ndipo neno "wavamizi" liliporudi midomoni mwa maofisa wetu, na mara nyingine midomoni mwa viongozi waliochaguliwa na wavamizi hao hao.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwenye hati ana masharti ya kuiendeleza, na akiyavunja hati yake inaweza kubatilishwa. Hivyo mwenye shamba la vichaka naye amevunja ahadi yake kwa umma. Lakini angalia tofauti: kosa la mwenye hati huandikiwa barua na kusubiriwa miaka, kosa la mwenye jembe huitiwa polisi siku hiyo hiyo. Wote wawili wametenda kinyume cha sheria ya ardhi. Mmoja tu ndiye anayeitwa mhalifu.

Pwani nako hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukanda huo ungekuwa njia ya wavuvi na wachokozi wa pweza, kama ulivyokuwa. Ukuta ukijengwa mpaka kwenye maji, mvuvi anayepita chini yake huonekana ndiye aliyeingia kwa jinai, kumbe ukuta ndio ulioingia katika njia yake.

Majibu kwa wapinzani

Watasema: bila ya sheria kali mwekezaji hatakuja. Hatupingi kulinda kiwanda, ghala na mkonge unaostawi. Hivyo vina jasho la watu ndani yake, na sheria za wizi na za uharibifu wa mali zipo. Tunapinga kulinda utupu.

Watasema pia: mkulima mdogo naye anahitaji mpaka, kwani ng'ombe wa tajiri wakiingia katika mihogo yake atamlilia nani? Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na jibu lake ndilo kipimo chetu. Shamba linalolimwa na mwenyewe limekaa karibu na mlango wake. Ni chakula cha wanawe. Kinga na iwe kubwa pale mali ilipo karibu na mwili, familia na jasho la mwenyewe. Na ipungue kadiri mali inavyokuwa chombo cha kungojea bei au cha kuwatawala wengine. Kwa kipimo hicho ekari mbili za mihogo zina heshima kuliko ekari elfu mbili za vichaka, na chumba cha mpangaji kina heshima kuliko vyote viwili.

Wengine watasema faragha ni anasa ya wasomi, na wataitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kama jambo la wenye kompyuta. Hapana. Anayehitaji zaidi siri ya taarifa zake ni yule ambaye kila ofisi humdai kitambulisho, namba na alama ya kidole kabla ya kumhudumia. Tajiri anaweza kukataa kujibu, mnyonge hawezi.

La kufanya

Tunapendekeza mambo manne. Neno "kuudhi" liondolewe katika kosa la kuingia kwa jinai, ila pale mali inapokuwa maskani au shamba linalotumiwa. Pale ardhi inapogombewa, pasiwe na ukamataji mpaka wazee wa Baraza la Ardhi la Kijiji wasikilize pande zote mbili. Njia za asili za kwenda pwani, visimani na makaburini ziandikwe katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kabla ya hati mpya kutolewa, ili asije mtu akanunua njia ya watu. Na mwisho, kila mwenye mamlaka, awe askari, mgambo au kiongozi, akumbuke kwamba hata sheria ya upekuzi inamtaka aende na hati na aende mchana, isipokuwa mahakama imeruhusu vingine. Naye pia hupiga hodi.

Mpaka wa shamba ni jambo la uchumi: umma ukiona hauna faida unaweza kuusogeza, kuupunguza au kuufuta, kwa sheria na kwa fidia ya haki. Mlango ni jambo la utu, na hakuna kikao chenye mamlaka ya kuufuta. Siku mama yule wa Moa atakapopita na mzigo wake wa kuni katika kichaka kisicho na mwenyewe bila ya kukamatwa, na jioni akafunga mlango wake akijua hakuna atakayeufungua bila ya hodi, ndipo tutakaposema kwamba tumeielewa Mali ya Taifa, pamoja na lile ambalo halikuandikwa humo.